Kutoka Ruiru Hadi Daraja la Chania

Msafiri atokaye pwani kwenda Thika huiona nchi ikibadilika mara mbili. Kwanza ni pale anapoiacha nyika ya Tsavo na udongo wake mwekundu; pili ni pale anapoipita Nairobi na kushika barabara kuu ya kaskazini, ambako hewa huanza kuwa na ubaridi na mashamba ya kahawa huchungulia nyuma ya majumba ya ghorofa. Barabara hiyo, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, hupita Githurai, huingia Ruiru, huipita Juja, na baada ya kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Nairobi humfikisha mtu Thika, mji wa viwanda na mananasi. Asubuhi ya mbingu safi mlima Kenya huonekana kwa mbali upande wa kaskazini, na kilima cha Ol Donyo Sabuk upande wa mashariki.

Ni nchi ya mito. Ruiru, Thika na Chania yalikuwa majina ya mito kabla ya kuwa majina ya miji, mitaa na maduka. Wenyeji humpeleka mgeni kuyatazama maporomoko ya Chania, karibu na hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka 1908, kwa fahari ile ile tuliyo nayo sisi tunapompeleka mgeni Fort Jesus.

Nayo ni nchi yenye watu wetu, jambo ambalo wengi pwani hulisahau. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kama ilivyokuwa katika miji mingi ya bara, mji ulipokua ulivuta wachuuzi, mafundi na wapishi Waislamu wenye kusema Kiswahili, na mtaa wao ukaitwa Majengo. Thika ina Majengo yake hadi leo. Asubuhi utaona mahamri yakiuzwa mlangoni kwa mama aliyejifunga leso mbili, na ukimwamkia kwa shikamoo atakuitika kwa sauti ambayo haitofautiani sana na ya Kibokoni, isipokuwa atachanganya neno moja au mawili ya Kikuyu. Siku hizi wameongezeka na vijana: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, na makao makuu ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya yako Thika, kwa hiyo si ajabu kwa familia ya Malindi, Lamu au Mombasa kuwa na binti aliyepanga chumba katika mitaa hiyo.

Kwa sababu ya mabinti hao tulikuwa Ruiru katikati ya Machi 2020, wageni wa jamaa zetu, na tumerudi mara kadhaa tangu wakati ule. Tunayoyasimulia ni ya barabara hiyo katika miezi minne, tangu Machi hadi Julai.

Hofu ilifika kabla ya ugonjwa. Tarehe 26 Februari ndege kutoka Uchina ilitua Nairobi na abiria 239, nao wakaambiwa wajitenge majumbani mwao. Nchi nzima ikauliza ni nani atakayewachunga watu 239 walioingia majumbani. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ilizisimamisha ndege hizo kwa muda. Kesho yake baada ya ndege ile kutua, tarehe 27 Februari, Saudi Arabia ilifunga mlango wa Umra kwa wageni. Mama mmoja wa Majengo ya Thika, ambaye tayari alikuwa amelipa sehemu ya gharama za kwenda Umra ya Ramadhani, alituambia kuwa hiyo ndiyo siku aliyoamini kuwa jambo hili ni zito. Si redio wala gazeti lililomwaminisha; ni kuona picha, wiki iliyofuata, za Alkaaba ikiwa haina mtu hata mmoja anayetufu. “Nilifikiri simu imeharibika,” alisema.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, Ijumaa tarehe 13 Machi. Alikuwa mwanamke Mkenya aliyerejea tarehe 5 kutoka Marekani kwa kupitia London. Tangazo lilitoka asubuhi, na wanaume walipokwenda kuswali Ijumaa kila mmoja alikuwa na habari hiyo mfukoni. Misikitini watu walisimama bega kwa bega kama kawaida, lakini waliporudi nyumbani baadhi yao walisita kupeana mikono. Ni vigumu kumweleza asiyekuwapo jinsi kusita kule kulivyokuwa. Mtu alinyosha mkono, akaurudisha kifuani, akacheka kidogo, na mwenzake akacheka. Na baada ya kicheko hakuna aliyejua la kusema.

Madukani hali ilikuwa nyingine. Alasiri ya siku ile dawa ya kutakasia mikono ilikuwa imekwisha katika maduka makubwa ya Ruiru, na foleni za unga, mafuta ya kupikia na karatasi za msalani zilifika mlangoni. Thika yenyewe ni mji wa viwanda vya mafuta na sabuni, na bado sabuni iligombaniwa kana kwamba italetwa kwa majahazi kutoka ng'ambo. Wenye magari walijaza magari. Mama fua na vibarua wa mijengo, wanaolipwa jioni kwa kazi ya mchana, walinunua kipande kimoja cha sabuni na kilo mbili za unga, kwa sababu ndizo fedha zilizokuwapo. Tulipokuwa tukiwatazama tulifahamu kuwa neno “kujiandaa”, lililokuwa likirudiwa katika kila taarifa, halikuwa na maana moja kwa watu wote waliosimama katika foleni ile.

Kisha maji. Hapa tunaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwa maana jambo hili lilitushangaza kuliko mengine yote. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika, ndilo liipatialo Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Na kabla yake bwawa la Ruiru lilikuwa likifanya kazi hiyo tangu zama za wakoloni. Maji ya mito hii husafiri kwa mabomba hadi mji mkuu. Lakini Ruiru, ambao sensa ya 2019 iliuhesabu kuwa na wakazi karibu nusu milioni, umepanuka kwa kasi kuliko mabomba yake, na katika mitaa mingi maji huletwa kwa mkokoteni katika mitungi ya lita 20. Katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu, pembezoni mwa Thika, hali ni ngumu zaidi. Nao hao ndio walioambiwa wanawe mikono kila saa, kwa sabuni, kwa maji yanayotiririka.

Wanawake wa Kiislamu wa Majengo waliliona hilo mapema. Mmoja wao alisema kwamba sisi tunaotawadha mara tano kwa siku hatuhitaji kufundishwa kunawa. Tunachohitaji ni pa kunawia. Wakachanga fedha, wakanunua pipa la lita 200, fundi akalitoboa na kulitia bomba chini, na likawekwa penye njia panda, karibu na wauza mboga, si mlangoni pa msikiti. Kulikuwa na mabishano juu ya mahali. Wengine walitaka liwe uani mwa msikiti ili liwafae wanaoswali. Walioshinda walisema ugonjwa haumwulizi mtu dini yake, na kwamba jirani asiponawa sote tumo hatarini. Tunaona walisema kweli, na tunaona pia kwamba pipa lile lilileta ujirani mwema ambao mikutano mingi ya maridhiano haikuwahi kuuleta.

Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule: za kutwa kesho yake, za bweni ifikapo Jumatano, na vyuo vikuu ifikapo Ijumaa tarehe 20. Hapo ndipo lililokuwa habari likawa shauri la nyumba kwa nyumba.

Katika nyumba tuliyofikia Ruiru walikuwamo mabinti wawili, mtu na binamu yake, wote wanafunzi wa Juja. Mmoja ni wa Mji wa Kale, Mombasa. Wa pili ni wa Malindi. Yule wa Mombasa wazazi wake walimpigia simu usiku ule ule, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshuka kwa basi. Wa Malindi alikataa kuondoka. Huko kwao anaishi na bibi yake mzaa mama, mzee wa miaka mingi mwenye maradhi ya kifua na ya presha, na tangu utotoni hulala naye kitanda kimoja. Binti alisema: kwa wiki mbili nimepanda matatu kila siku, nimekaa katika kumbi zenye watu mia tatu, na mwenzangu wa chumba alikuwa akikohoa. Nikifika Malindi, bibi atanikumbatia kabla sijavua viatu. Nani atamzuia?

Baba yake aliighadhibikia simu. Alisema Ruiru haijatangazwa kuwa na mgonjwa hata mmoja, na kwamba mtoto wa kike hakai ugenini wakati nchi inafungwa. Shangazi mtu, mwenye nyumba, alikuwa katikati: akimwambia kaka yake ndiyo, na akimwambia binti ndiyo. Mwishoni alimwomba maalim wa madrasa ya watoto aje azungumze nao.

Maalim hakutoa fatwa. Alikaa, akanywa chai, akawakumbusha kisa cha tauni ya Amwas katika mwaka wa 18 wa Hijria. Sayyidna Umar alikuwa njiani kuelekea Sham na watu wake. Alipofika Sargh makamanda walimlaki kwa habari kwamba maradhi yameenea mbele. Akawataka ushauri Muhajirina, wakahitilafiana. Akawataka ushauri Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Makureshi, wakakubaliana kuwa arudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na Umar akamjibu kwamba anaiacha kadari ya Mwenyezi Mungu kwa kuiendea kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo Abdurrahman bin Auf alipokuja na ilimu aliyoisikia kwa Mtume, sala na amani zimshukie: kwamba msiingie katika nchi mliyosikia ina tauni, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia.

Baada ya hapo maalim alisema neno moja tu la kwake. Alisema masahaba wakubwa walihitilafiana juu ya jambo hili, basi baba asimwone binti kuwa mkaidi, wala binti asimwone baba kuwa hana akili. Akaaga.

Binti alibaki. Shangazi alimpa chumba cha nyuma, na kwa siku kumi na nne alikula kwa sahani yake na kikombe chake, na kuanika nguo zake kwenye kamba yake. Hakuna aliyemwamuru. Hakuugua.

Ijumaa ya tarehe 20 Juja ilikuwa kama mji unaohamwa. Magodoro yalifungwa juu ya magari, masufuria yalining'inia kwenye mabegi. Siku hizo hizo ilitoka amri kwamba matatu ya abiria 14 ibebe watu 8 tu, na nauli ikapanda kabla hata ya makanga kuimaliza sentensi. Jumapili iliyofuata, tarehe 22, Waziri Kagwe alitangaza kusimamishwa kwa mikusanyiko ya ibada, misikiti na makanisa pamoja, na mazishi yakawekewa kikomo cha jamaa wa karibu tu. Ijumaa ya tarehe 27 haikuwa na swala ya jamaa, na usiku wake ndio wa kwanza wa amri ya kutotoka nje, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa Waislamu saa hizo zilikuwa na maana yake: Magharibi mtu aliiswali mji ukiwa bado una sauti, na Isha aliiswali katika kimya ambacho Ruiru, mji wa malori na pikipiki, haujapata kuwa nacho.

Ya usiku ule kwetu pwani mnayajua. Abiria wa kivuko cha Likoni walifukuzwa kwa gesi ya kutoa machozi na marungu hata kabla saa haijafika, nao walikuwa watu waliokuwa wakijitahidi kufika majumbani. Siku tatu baadaye, huko Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao, naye akafa. Akina mama wa Ruiru waliposikia walianza kuwaingiza watoto ndani saa kumi na mbili. Walikuwa wakiogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, na hatudhani tunakosea tukisema kwamba katika wiki hiyo ugonjwa ulikuwa wa pili.

Uvumi nao ulikuwa na kazi yake. Usiku mmoja simu zililia nyumba kwa nyumba kuwataka watu waamke wanywe chai ya rangi isiyo na sukari kabla ya jua kuchomoza, eti ni agizo la mtoto mchanga aliyezaliwa akasema. Wapo waliocheka wakanywa, na wapo waliokunywa bila kucheka. Wengine walidai ugonjwa haustahimili jua la Afrika. Kwetu sisi habasoda, tangawizi, ndimu na kitunguu saumu vilipanda hadhi na bei. Hatuna neno baya juu ya habasoda, na jikoni mwetu haikosekani; lakini tulimsikia muuza dawa mmoja akimwambia mteja kuwa akiila asubuhi na jioni hana haja ya kuvaa barakoa wala kukaa mbali na watu, na hapo tulichukia. Mafundi cherehani wa Majengo walifanya la maana zaidi: walikata vipande vya leso na vya pamba, wakashona barakoa, na amri ya kuvaa barakoa ilipotoka mwezi wa Aprili watoto wa mtaa huo walikuwa tayari wanazo, nyingine zikiwa na nusu ya jina la leso shavuni.

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili lilitoka tangazo ambalo watu wa Thika hawatalisahau. Kuanzia saa moja jioni hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, na mpaka wa kaskazini wa eneo hilo ulitajwa kwa jina: daraja la mto Chania, Thika. Siku mbili baadaye kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa vivyo hivyo.

Tunataka tukae kidogo juu ya daraja hilo. Si daraja la kutisha. Ni daraja la barabara, magari hulipita bila ya abiria kuinua kichwa. Ng'ambo yake ni njia ya kwenda kaunti ya Murang'a, kwenye miji midogo ya Kabati na Kenol, na maelfu ya watu hulala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Kuna wauza mboga ambao shamba liko kule na soko liko huku. Kuna walimu, manesi, wafanyakazi wa viwandani. Usiku mmoja daraja likawa mpaka kama wa Lunga Lunga. Malori ya chakula na bidhaa yaliruhusiwa kupita, dereva na msaidizi wake, watu hawakuruhusiwa. Mwuguzi mmoja mwenye mtoto anyonyaye, ambaye mama yake ndiye aliyekuwa akimlelea huko ng'ambo, ilimbidi aamue ndani ya saa chache amlete mtoto huku kusiko na mlezi au amwache kule kusiko na maziwa ya mama. Alimleta, na majirani wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, wakawa wakimshika kwa zamu alipokuwa kazini.

Mwuza mananasi aliyekuwa na kibanda karibu na hapo alituambia kwamba siku za mwanzo watu walikuja wakasimama tu, kila upande, wakipungiana mikono na kuzungumza kwa simu huku wakionana. Askari waliwafukuza, wakarudi. Maporomoko, alisema, yalisikika mchana kutwa, maana magari yalikuwa machache.

Ramadhani iliwakuta hivyo mwishoni mwa Aprili. Kina mama wengi waliozoea kuswali tarawehe wakiwa nyuma ya pazia la msikiti, au kubaki jikoni, sasa waliswali sebuleni na waume zao na watoto. Yule binti wa Malindi, aliyehifadhi juzuu kadhaa madrasani kwao, aliwasikiliza watoto wa shangazi yake Kurani kila baada ya Alasiri. Shangazi alisema hapakuwahi kuwa na Ramadhani yenye utulivu kama ile, kisha akasema hapakuwahi kuwa na Ramadhani yenye njaa kama ile mtaani. Viwanda vilipunguza zamu, hoteli zilifungwa, mama fua hakuitwa tena kwa kuogopwa. Futari ilipikwa kwa sufuria moja kubwa na kugawiwa mlangoni kwa mlango kabla ya saa ya kutotoka nje, uji na viazi, na hawakuulizwa majina wala dini. Ilisaidia kwamba tangu Machi Safaricom iliondoa ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000: jamaa wa Mombasa na hata wa Maskat walituma mia tano tano, na mia tano tano zikawa gunia la unga.

Tarehe 6 Mei mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na Mji wa Kale, Mombasa, ilifungwa kwa amri yake pekee. Tangu hapo buibui lilianza kutazamwa. Binti wetu alipanda matatu kwenda Thika, abiria mmoja akamwuliza kwa sauti kama anatoka Eastleigh, na kiti cha pili yake kikawa wazi safari nzima. Alipoteremka, makanga, kijana wa Kikuyu, alimwambia, “Pole, dada.” Anasema maneno mawili hayo ndiyo anayoyakumbuka, wala si lile swali.

Bibi yake alifariki Malindi katika kumi la mwisho la Ramadhani. Hakufa kwa korona. Ni kifua chake cha siku zote. Alizikwa alasiri ile ile na watu wachache waliopangwa kwa idadi, na mjukuu wake, aliye kilomita mia kadhaa mbali, nyuma ya mipaka miwili iliyofungwa, aliisikia Yasini kwa simu iliyowekwa juu ya mkeka. Walioosha maiti walikuwa mama yake na mama zake wadogo. Kwa desturi zetu naye angalikuwapo kwenye kumimina maji. Binamu yake, yule aliyerudi Mombasa mwezi wa Machi, hakumwambukiza mtu yeyote, wala naye hakuweza kuvuka kufika Malindi.

Wako waliosema, na walisema mbele ya baba yake, kwamba binti alikosea: angekwenda, angemwuguza bibi yake miezi miwili ya mwisho. Sisi hatukubali. Mwezi wa Machi hakuna aliyejua lililo kifuani mwa nani. Aliyepima kwa aliyoyajua siku ile, akachagua kujinyima yeye ili mzee asidhurike, hawezi kuhukumiwa kwa yaliyotokea Mei. Baba yake mwenyewe alilifahamu hilo kabla ya wasemaji. Alimpigia simu siku ya tatu ya msiba akamwambia kwamba marehemu alikuwa akiwaeleza wageni wote kuwa ana mjukuu aliyejifungia bara kwa ajili yake, na kwamba alikuwa akilisema kwa kujisifu.

Mipaka ilifunguliwa alfajiri ya Jumanne tarehe 7 Julai, saa kumi. Pale Chania magari yalikuwa yamepanga foleni tangu usiku. Misikiti ilifunguliwa mwezi huo kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, wasiingie watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya 58. Katika msikiti mmoja wa Thika safu ya mbele, iliyokuwa ya wazee tangu msikiti ujengwe, ilijazwa na vijana waliokuwa wakitazamana bila ya kujua nani aadhini. Binti alipanda basi wiki ile ile. Alifika Malindi usiku, na asubuhi alikwenda na mama yake hadi karibu na makaburi, akamwombea bibi yake.

Tulipopita Thika mara ya mwisho lile pipa la bluu lilikuwa bado lipo penye njia panda, bomba lake limebadilishwa. Wale wanawake hawakuuvunja mchango wao. Kila Ijumaa kila mmoja hutoa shilingi 50, na mweka hazina, ambaye ni mke wa fundi cherehani, huandika katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alitufungulia tukasoma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mapipa mawili yaliyopelekwa Kiandutu, sabuni katoni moja, nauli ya mkokoteni, na sanda mita kumi na nane, zilizowekwa akiba katika sanduku la bati pamoja na kafuri na glavu, kwa ajili ya yeyote atakayefikwa usiku ambao maduka yamefungwa.